Toa Kasuku Nje

Nilipokuwa darasa la sita kule Nyamira, mwalimu wetu wa Kiswahili, Bwana Osoro, alinichapa viboko viwili kwa sababu ya herufi moja. Niliandika kwenye insha kwamba ng'ombe wetu "imekufa". Alinisimamisha mbele ya darasa akaniambia, "Phelis, kitu chenye uhai usikinyime uhai wake mdomoni. Ng'ombe amekufa. A! A!" Nikamchukia. Nilipokua nikaolewa na Jonah, ng'ambo ya soko la Chepilat, upande wa Wakipsigis, nikakuta huku hakuna anayejisumbua na ngeli. Ng'ombe imezaa, mtoto imelala, daktari imekuja, na maisha yanaendelea bila kiboko. Nikajiunga nao kwa furaha. Miaka ishirini na minne sikumkumbuka Bwana Osoro hata siku moja. Sasa namkumbuka kila asubuhi.

Mama mkwe wangu anaitwa Chepkosgei. Kipsigis chake sikukijua vizuri, na Ekegusii changu hakukitaka kabisa, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, ambacho hakikuwa cha kwake wala changu. Tulipatana. Alinifundisha kuchuma chai, majani mawili na chipukizi, bila kuvunja tawi, nami nikamfundisha kupika matoke yasiyo maji maji. Kitu kimoja tu kilinishinda kwake, nacho ni mursik. Maziwa yale yaliyolazwa ndani ya kibuyu kilichopakwa masizi, mimi yalikuwa yakinifika kooni yanarudi. "Mke wa Jonah anaogopa moshi," walinitania kila harusi. Niliwacheka nikanywa soda.

Ndege wetu Kipkurui alikuja kwetu wakati Chemutai, mtoto wangu wa pekee, ana miaka tisa. Nilikuwa mpishi wa Mzee Gibson, fundi mkuu mstaafu wa kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho. Mzee alikuwa na ndege aliyeachiwa na Mzungu aliyerudi kwao: wa kijani kibichi, paji la uso buluu, mashavu ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na doa jekundu begani ambalo hulioni mpaka akunjue bawa. Mzee alipozeeka, mwanawe akamchukua akaishi naye ghorofani Nairobi. Ndege hakuwa na nafasi huko. Mzee akanipa mimi, pamoja na daftari lililoandikwa masharti yake yote.

Lile daftari nililisoma kuliko nilivyowahi kusoma Biblia, Mungu anisamehe. Niliambiwa ametoka misitu ya Amerika ya Kusini, huko Brazili na Bolivia, anakotaga ndani ya shimo la mti mzee. Kwao huruka wawili wawili, dume na jike, na huyo mmoja ndiye wake mpaka kifo. Akikosa wa aina yake, huchagua mtu. Huishi miaka hamsini, hata sitini. Asipewe parachichi, litamuua. Nami naishi mahali ambapo parachichi huokotwa njiani na kulishwa nguruwe. Asipewe chumvi wala chokoleti. Alale saa kumi na mbili, kizimba kimefunikwa kitambaa. Apewe matawi ya mpera atafune, mdomo usirefuke. Na chini, neno lililopigiwa mistari miwili: *Moshi hapana. Wa aina yoyote.* Mzee alikuwa ameeleza kwamba hewa ya ndege hawa hupita mapafuni wakivuta na wakitoa, kisha huingia kwenye vifuko mpaka mifupani, na kwamba moshi unaomkohoza mtu huweza kumwangusha ndege. Jiko langu la kuni lilikuwa nje, mbali na nyumba, kwa hiyo shauri la moshi sikulihangaikia. Nikalisoma, nikafunga daftari.

Alimchagua Chemutai. Sisi wengine alituvumilia. Mimi ndiye niliyemlisha sukuma wiki na boga na mahindi mabichi, mimi ndiye niliyesugua mavi yake, na shukrani yangu ilikuwa kung'atwa kidole. Lakini mtoto akitoka shule, tangu yuko kule kwenye kona ya majani chai, alipiga mluzi, fyuu-fyuu, na ndege huku ndani anapasuka kwa kelele: "Chemu! Chemu! Chemutaaai!" kwa sauti yangu kabisa, ile sauti ya kumwita mtoto anayechelewa kuteka maji. Mpaka nikaanza kuona haya jinsi ninavyoita watu.

Kwa sababu ya kuita kwake, Chemutai akampa jina la Kipkurui. Kwa Kipsigis ni jina la mtoto aliyezaliwa watu wakiitwa. Jina zuri. Shida ni kwamba lilikuwa jina la marehemu babake Jonah.

Mama mkwe alisikia mtoto akilitaja, akaweka kikombe chini. "Bwana yangu imekuwa ntege?" aliuliza. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa wiki mbili bila kuingia nyumbani kwangu. Mimi nami, kwa desturi ya kwetu na ya kwao, jina la baba mkwe halikuwa la kulitamka ovyo. Tukapatana kimyakimya: Chemutai akiwa peke yake na ndege wake amwite atakavyo, bibi yake akiwapo, ni "ndege" tu. Chemutai hakupenda. "Mama, mnamwita ndege kama ni kunguru wa sokoni," aliniambia. Na kasuku, jina lake halisi la Kiswahili, hakuna aliyemwita. Huku kwetu kasuku ni ule mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Una picha ya ndege ubavuni, lakini ni nani aliyewahi kuitazama? Mafuta yakiisha, mkebe unakuwa wa kupimia mahindi na kubebea maziwa. Ukisema kasuku kwa mama mkwe wangu, anakuuliza ni ya maziwa au ya unga.

Miaka miwili na nusu iliyopita Chemutai alikwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Asubuhi ya kuondoka aliingiza kidole kizimbani, Kipkurui akainamisha kichwa akunwe shingo, wakakaa hivyo mpaka Jonah akapiga honi mara tatu. Mlangoni mtoto akanigeukia. Hakuniuliza juu ya baridi ya huko wala juu ya upweke. Aliniuliza, "Mama, nikirudi nitamkuta?"

"Utamkuta," nikasema.

Hilo ndilo nililoahidi. Sikuahidi kitu kingine.

Mwezi wa kwanza ndege aliita kila saa kumi, wakati wa kutoka shule. Mwezi wa pili akanyamaza. Mwezi wa tatu nikakuta manyoya chini ya kizimba, nikafikiri ni panya, mpaka nikamwona kwa macho yangu akijing'oa kifuani, unyoya mmoja baada ya mwingine. Tulipompigia Chemutai simu ya video, ndege alisikia sauti, akazunguka nyuma ya simu kumtafuta. Hakumwona. Akarudi mbele, akazunguka tena. Chemutai akakata simu, na nilijua analia.

Nikamwita Omariba, daktari wa ng'ombe wa Chepilat. Alikuja na gambuti zake, akamtazama ndege, ndege akamtazama. "Mama Chemutai," akasema, "mimi nimetibu mbuzi, nimetibu punda, hata paka wa padri. Hii sijasomea." Lakini alikwenda akasoma, akarudi na jibu kwamba hana ugonjwa, ana hamu ya mtu. "Mpe kazi. Mpe watu. Asikae peke yake."

Basi nikawa mtumishi wa ndege. Nilimfichia karanga ndani ya maganda ya mahindi azitafute. Mvua ya alasiri ikija, nilimtoa nikamweka kwenye benchi ya veranda apate rasharasha, maana wenzake kwao huoga hivyo. Nilimsomea hata Zaburi. Na kwa kuwa Jonah huendesha lori la majani chai siku nzima, nami nina ng'ombe na shamba, nilimwomba mama mkwe awe anakuja kukaa sebuleni saa za mchana. Alikubali kwa kununa. "Nitakaa na hiyo ntege yako," akasema, "lakini sitaongea na yeye."

Alikuja kila siku na kikombe chake. Mara kadhaa niliporudi kutoka shambani nilisikia sauti ya mtu sebuleni, chini chini, kama mtu anayemsimulia mwenziwe habari. Nikiingia, kimya. Mama mkwe anatazama ukuta, ndege anatazama mama mkwe. Sikuuliza. Nilichoona ni kwamba kifua cha ndege kilianza kuota manyoya, kwanza ya kijivu, kisha ya kijani. Nilimpiga picha nikazituma Ujerumani. *Utamkuta*, niliandika chini ya kila picha.

Mwezi wa saba mwaka huu Chemutai akapata likizo ya wiki tatu. Nilikwenda kumpokea Nairobi, kwa dada yangu Nelvine, na tukalazimika kukaa huko siku nne kwa sababu ya karatasi za ubalozi. Nilimwachia mama mkwe nyumba. Nilimwonyesha boga lilipo, nikamwambia afunge madirisha yote, maana baridi ya Julai na ukungu wa huku havina huruma. Akasema amesikia.

Jumatano, tukinywa chai mezani kwa Nelvine, simu yangu ililia.

"Mama Chemutai," ilikuwa sauti ya mama mkwe, "leo natengeneza sotet ya mtoto. Jumamosi ikifika maziwa ikuwe imeiva. Lakini jikoni yangu imeingia maji na yako pia kuni imelowa. Nachomea hapa ndani ya nyumba yako, kwa makaa."

Sotet ni kibuyu cha mursik. Huoshwa, kisha unachoma vijiti vya mti wa senetwet mpaka viwe kaa, unavisukuma ndani ya kibuyu vikiwaka, unasugua mpaka masizi yashike ukutani. Huwezi kumpokea mtoto aliyetoka ng'ambo kwa maji ya bomba. Na moshi wa senetwet mimi naujua, hujaza chumba mpaka usimwone aliyekaa mkabala nawe.

Nilifungua kinywa niseme "toa ndege nje", lakini Chemutai alikuwa amekaa karibu yangu, kikombe mkononi, ananitazama. Kunguru wa sokoni. Nikatafuta jina, na jina lenyewe, Kipkurui, halikuwa la kulitamka mbele ya mjane wa mwenye jina. Nikachagua la katikati, la vitabuni, lenye adabu kwa wote wawili.

"Mama," nikasema, "kabla hujachoma, toa kasuku nje."

"Kasuku?"

"Ndiyo. Kasuku. Moshi isiingie."

"Sawa, hiyo ni kweli. Ngoja."

Nikasikia mlango, nikasikia ndara zake, na mvua. Akarudi kwenye simu akihema. "Nimetoa. Iko kwa benchi ya veranda. Nimefunika na kitambaa safi."

Nilifurahi, jamani. Niliguswa. Nilisema moyoni, tazama mama huyu, hata kitambaa amekumbuka. Nikamshukuru mara mbili. Chemutai naye alikuwa anatabasamu. "Leo umemwita vizuri," akaniambia.

Jumamosi saa nane mchana tulifika nyumbani. Kwenye kona ya majani chai Chemutai alimwomba Jonah asimamishe gari. Akashuka na koti lake la Ulaya, akaweka vidole mdomoni. Fyuu-fyuu.

Ukimya.

"Amelala," nikasema.

"Saa nane, mama?" Akapiga tena. Kisha akaanza kutembea haraka, kisha akakimbia.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni amevaa nguo ya kanisani, sotet mikononi, imefungwa mkanda wa shanga. Desturi inataka mgeni asimame anyweshwe pale pale mlangoni. Chemutai alimpita. Nilimsikia akisimama sebuleni. Nilipoingia nikaona kizimba kinaning'inia mahali pake, kimeoshwa mpaka kinang'aa, na ndani hamna kitu.

"Kogo," Chemutai akamwita bibi yake bila kugeuka, "yuko wapi?"

"Alikufa Jumatano," mama mkwe akasema. "Nilimzika pale kwa mstari wa kwanza wa chai. Babako ilitaka kupiga simu, nikakataza. Maneno kama hii haisemwi kwa simu."

Jonah alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimwangalia mume wangu aliyeendesha gari saa nzima kutoka stendi ya Kericho akituuliza habari za Wajerumani. Lakini hasira yangu ilimpita ikaenda kwa mama yake. Miaka ishirini na minne sikuwahi kumpandishia sauti. Siku hiyo nilimpandishia.

"Mama! Si nilikuambia utoe kasuku nje? Si uliniambia umetoa? Moshi ndio umemuua! Ule moshi wako!"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni. Kisha akatoka polepole hadi veranda, nasi tukamfuata. Akanyoosha kidole kwenye benchi. Pale palikuwa na mikebe miwili ya maziwa, imeoshwa, imepinduliwa ikauke, na kitambaa safi kimekunjwa kando.

"Nilitoa," akasema. "Yote mbili. Ilikuwa na maziwa ya asubuhi. Nikasema mke wa Jonah haipendi harufu ya moshi kwa maziwa, imenikumbusha vizuri."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Mtoe. Ningesema *mtoe* kasuku, kwa *m* ile moja tu mwanzoni, angejua kwamba ni chenye uhai. Bwana Osoro alinichapa bure, sikujifunza. Nilimnyima uhai mdomoni kwanza, kisha akafa.

"Kasuku ni jina la huyo ndege, mama," nilisema. "Kwa Kiswahili cha vitabu. Nilimaanisha yeye."

Mama mkwe alikikumbatia kibuyu kifuani. Shanga zake zikagongana.

"Kwa nini hukusema Kipkurui?" akaniuliza.

Nilitazama ile mikebe kwenye benchi.

"Mimi nilikuwa namuita Kipkurui kila siku," akasema. "Mkitoka. Tangu mtoto iende. Namwambia, Kipkurui, mvua inakuja. Kipkurui, leo mgongo inaniuma. Alikuwa anaitika. Hata Jumatano, nimemaliza kusugua sotet, nikaenda kumuangalia, alikuwa ameanguka chini. Nikamuita. Kipkurui. Kipkurui. Nikafungua dirisha, nikamuweka hapa kwa kifua nikamuita tena." Akageuka kunitazama. "Ungesema tu Kipkurui, mama. Ningemtoa yeye kwanza kabla ya kitu ingine."

Niligundua wakati huo kwamba mwanamke huyu, ambaye kwake hata daktari "imekuja", alisema *alikuwa*, *ameanguka*, *kumuangalia*. Kila kitu kingine duniani alikichanganya. Ndege yule hakumchanganya.

Chemutai hakulia kwa sauti. Alisema, "Hata mimi nilisikia, mama. Nilikuwa karibu nawe. Nilisikia 'kasuku' nikafurahi." Alisema hivyo kwa utaratibu, na mimi ningependa zaidi anitukane.

Mama mkwe alichomoa kifuniko cha sotet akakiinamisha kibuyu amwage maziwa kwenye maua. Alisema kitu kwa Kipsigis, ambacho hata mimi nilikielewa, kwamba maziwa haya hayafai kunywewa na mtu. Chemutai akamfikia, akakishika kibuyu kwa mikono yote miwili juu ya mikono ya bibi yake. Wakavutana kidogo. Kisha mzee akalegea.

"Kogo, ulinitengenezea mimi," Chemutai akasema. "Nipe."

Akanywa pale pale mlangoni, wima, kama desturi inavyotaka. Alikunywa kwa muda mrefu. Alipoishusha sotet mdomo wake wa juu ulikuwa na masizi, na macho yake yalikuwa kwenye mstari wa kwanza wa chai, mahali udongo ulipokuwa bado mwekundu. Hakuufuta mdomo. Akanigeukia, akaninyooshea kibuyu.

Jonah akasema, "Mamako hanywi hiyo."

"Leo atakunywa," Chemutai akasema.

Nilipokea. Harufu ya senetwet ilinipanda puani kabla sijafikisha mdomoni, na nikajua ni moshi ule ule, wa Jumatano ile, uliokaa humo siku tatu ukitusubiri. Nilikunywa mpaka nikaona kitako cha kibuyu. Kooni haukurudi.